Paka Naye Hupata Kichaa cha Mbwa

Wahenga walisema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Mimi niliyefanya kazi ya ukarani wa ghala mjini Masasi kwa miaka mingi, methali hiyo sikufundishwa na wahenga. Nimefundishwa na magunia. Msimu wa korosho unapofika, magunia hupangwa hadi karibu na dari, na kila gunia lina uzito wake katika daftari. Panya akitoboa gunia moja usiku, asubuhi karani ndiye anayeulizwa. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani kwetu mwaka 2007, maswali hayo yamekuwa makali zaidi, kwa sababu korosho iliyomo ghalani bado ni mali ya mkulima mpaka siku ya mnada.

Kwa hiyo sisi wa maghalani hatumwoni paka kuwa ni pambo. Kwetu paka ni mfanyakazi wa zamu ya usiku. Hana mshahara, hana likizo, na kwa bahati mbaya hana matibabu. Vivyo hivyo majumbani. Mama mwenye kibuyu cha mbegu, uchaga wa makopa na debe la mtama anajua nani anayemlindia chakula cha watoto wakati yeye amelala.

Ndugu msomaji, leo nataka kukueleza habari za paka wawili. Wa kwanza nilimwua kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kutojua. Wa pili alitukosesha usingizi kwa siku tisa, mimi, mama yangu na ndugu zangu kule Newala. Sina elimu ya utabibu wa mifugo. Nayaandika haya kama mzazi na mfanyakazi aliyejifunza kwa gharama, ili mwenzangu ajifunze bure.

KIDONGE KIMOJA

Paka wa kwanza tulimwita Mlinzi. Alikuwa dume la mistari ya kijivu, kubwa la kichwa, ambalo lilikuja lenyewe ghalani na kukaa. Mwaka 2009, baada ya ugomvi wa madume usiku, alirudi akichechemea. Bega lilikuwa limevimba, mwili una joto, na chakula hakutaka. Nikamhurumia. Jioni nilipotoka kazini nikapita katika duka moja la dawa na kueleza shida yangu. Muuzaji, kwa nia njema kabisa, akaniambia, "Dada, mpe paracetamol. Hata watoto wadogo wanapewa, sembuse paka."

Nikampa nusu ya kidonge jioni ile na nusu nyingine kabla ya kulala. Usiku wa manane mlinzi wa ghala akaniita. Uso wa yule paka ulikuwa umevimba, anahema kwa shida, na nilipomfungua mdomo nikaona ufizi umekuwa wa rangi ya udongo. Kabla jogoo wa kwanza hajawika alikuwa amekufa. Nilimshuku jirani kwa sumu, nikamshuku fundi aliyekuwa hapatani na paka wangu, nikawashuku wengine ambao sitawataja. Mkono wangu mwenyewe sikuushuku.

Ilipita zaidi ya miaka miwili ndipo Bwana Mifugo mmoja, aliyefika ghalani kwa shughuli nyingine, akanifumbua macho. Alinieleza kuwa ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja paracetamol kama ini la binadamu linavyofanya. Ile dawa hugeuka kuwa sumu, ikaiharibu damu isiweze kuchukua hewa. Ndiyo maana ufizi hugeuka rangi. Kidonge kimoja cha kawaida cha mtu mzima chatosha kumwua paka. Aspirini nayo ni ya hatari, na vivyo hivyo ibuprofeni na dawa nyingi za maumivu tunazozihifadhi kabatini.

Akaniambia tena kuwa uvimbe ule wa bega ulikuwa jipu, ugonjwa wa kawaida kabisa kwa madume wapiganao. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Huacha tundu dogo linaloziba upesi, na uchafu ukabaki ndani. Daktari wa mifugo hulipasua jipu, hulisafisha na kutoa dawa ya kuua vijidudu kwa kipimo cha paka. Mlinzi angeweza kurudi kazini baada ya siku chache.

Tangu siku ile nimeshika kanuni moja: dawa ya mtu si ya paka, na dawa ya mbwa au ng'ombe pia si ya paka. Nimewahi kuwaona watu wakimwogesha paka mwenye viroboto kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Baadhi ya dawa hizo, hasa zenye permetrini, humtia paka kifafa na kumwua. Kumbuka kwamba paka hujilamba kutwa. Chochote kinachogusa manyoya yake kitafika tumboni. Sisi wa nchi ya mikorosho tunatumia salfa na madawa mengine ya kupulizia. Hatuna budi kuyafungia mahali ambapo paka hafiki, kama tunavyoyaficha watoto wasiyaguse. Hali kadhalika sumu ya panya. Anayetega sumu huku anafuga paka yuko katika hatari ya kumpoteza paka pamoja na panya, maana panya aliyekula sumu ndiye mwepesi wa kukamatwa.

SIKU TISA ZA NEWALA

Mwezi Juni mwaka 2016 nilichukua likizo. Nikapanda na binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka minane, kwenda kumwona mama Newala. Aliyepata kusafiri njia ile anajua jinsi ilivyo. Unaiacha Masasi na milima yake ya mawe, unapanda uwanda wa juu wa Makonde, na ukifika Newala na kusimama ukingoni, unaliona bonde la Ruvuma limetandaa chini na Msumbiji ng'ambo yake. Hewa ya huko ni nzuri, lakini maji ni taabu ya miaka mingi. Mvua ikinyesha huzama katika mchanga, na maji ya bomba husukumwa juu kutoka mabondeni, leo yapo, kesho hayapo. Kila nyumba yenye uwezo imechimba kisima cha kukinga mvua, na kisima kikipungua, maji hununuliwa kwa ndoo.

Nyumbani kwa mama palikuwa na paka jike mweusi, jina lake Kaniki. Siku ya nne ya likizo yetu, binti yangu aliingiza mkono katika tenga lililokuwa pembeni ya jiko, akitaka kumbembeleza. Kaniki akamuuma chini ya kidole gumba. Alipoutoa mkono, palikuwa na matundu mawili na damu ikichuruzika.

Mama alikimbilia jivu, kama alivyofundishwa na mama yake. Mimi nikamshika mkono. Nilikuwa nimesikia kwa yule Bwana Mifugo kwamba jeraha la kuumwa na mnyama halipakwi jivu, wala mafuta ya taa, wala majani. Huoshwa papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15 nzima.

Mama akaitazama pipa. "Mwanangu, zimebaki ndoo mbili tu, na bomba halijatoa tangu juzi."

Sikuwa na la kumjibu. Yeye mwenyewe akachukua kata. Akachota na kumimina, akachota na kumimina, nami nasugua kwa sabuni ya mche huku mtoto akilia. Hatukunena neno. Ndoo ya kwanza ikaisha, na ya pili ikafika nusu. Jioni ile hatukupika ugali. Tulikula mihogo ya kuchoma. Mpaka leo nikisikia watu wakisema kwamba maji ya dakika 15 ni jambo dogo, namkumbuka mama na ile kata yake.

Tulipokuwa tunajitayarisha kwenda hospitali nikauliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza siku ya kwanza: "Mama, huyu paka amechanjwa?"

Mama akashangaa. "Achanjwe nini? Walipita na kipaza sauti, wakaweka meza chini ya mwembe. Walisema ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mimi sina mbwa."

Kosa lililoje, na wala si la mama peke yake. Ugonjwa umepewa jina la mbwa, nasi tumelisadiki jina. Kwa kweli mbwa ndiye mkosaji mkuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu wote, yaani asilimia 99, huambukizwa na mbwa. Lakini virusi vya ugonjwa havichagui. Ng'ombe huugua, punda huugua, fisi na mbweha huugua, na paka naye huugua. Paka aliyeumwa na mbwa mwenye ugonjwa hurudi nyumbani na kupanda kitandani kwa mtoto, mahali ambapo mbwa haruhusiwi kufika.

Jambo la kusikitisha ni kuwa sisi wa kusini hatukunyimwa nafasi. Kuanzia mwaka 2010 serikali yetu pamoja na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates, ziliendesha mradi mkubwa wa mfano wa kuutokomeza ugonjwa huu katika wilaya 28 za kusini mashariki mwa nchi, zikiwamo za mikoa yetu ya Lindi na Mtwara, pamoja na kisiwa cha Pemba. Mbwa walichanjwa kijiji kwa kijiji, shabaha ikiwa kuwafikia walau 70 katika kila mbwa 100, maana kiasi hicho kikifikiwa ugonjwa hukosa njia ya kupita. Meza ile chini ya mwembe ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwa mama.

"KAKA, UKIMUUA TUTAMUULIZA NANI?"

Hospitali walitupokea vyema. Daktari alilitazama jeraha, akaliosha tena, akauliza habari za paka, na siku hiyo hiyo mtoto akadungwa sindano ya kwanza ya chanjo. Akatupa tarehe za kurudi: siku ya tatu, siku ya saba, na baadaye siku ya kumi na nne. Kisha akasema neno ambalo hatukulitegemea: "Yule paka msimuue. Mfungieni, mpeni chakula na maji, mmwangalie kwa siku kumi."

Akatueleza sababu. Virusi hivi huingia katika mate ya mbwa au paka siku chache tu kabla mnyama hajaonyesha dalili, na akisha kuonyesha dalili hufa upesi. Basi mnyama aliyeuma, akipitisha siku kumi akiwa mzima, anakula na kunywa kama kawaida, ni hakika kwamba siku ile alipouma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Lakini kwa binadamu mambo ni tofauti. Ugonjwa waweza kujificha mwilini wiki kadhaa au miezi, na dalili zikisha kuanza hakuna tiba. Kwa hiyo chanjo ya mtoto haingojei matokeo ya paka. Huanza mara moja.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta mjomba amekwisha fika na panga. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, na alikuwa ameamua kuimaliza kesi kwa njia yake. Mama akasimama mlangoni na kumwambia kwa upole, "Kaka, ukimuua tutamuuliza nani?" Mjomba akaliweka panga chini.

Hata hivyo hapakuwa na wa kuuawa wala wa kufungiwa. Kaniki alikuwa ametoweka.

Sitaki kurefusha habari za siku zilizofuata. Tulitafuta uvunguni, darini, mikoroshoni, na katika pagala la jirani. Daktari alikuwa ametutajia dalili: paka mwenye ugonjwa huu hujificha gizani, hubadilika sauti, hutokwa na udenda, hushambulia bila kuchokozwa, kisha miguu ya nyuma hulegea. Kujificha! Kila aliponitajia mtu kwamba paka hajaonekana, moyo ulinidunda. Siku ya tatu tulikwenda kwa sindano ya pili, siku ya saba tukaenda kwa ya tatu. Usiku mmoja binti yangu, ambaye alikuwa amesikia maneno ya watu wazima, akaniuliza gizani, "Mama, na mimi nitaogopa maji?" Nikamjibu kwamba sindano anazodungwa ndizo zinazozuia jambo hilo lisitokee, na kwamba tulianza siku ile ile. Lilikuwa jibu la kweli. Lakini namshukuru Mungu kwamba taa ilikuwa imezimwa asiuone uso wangu.

Siku ya tisa asubuhi jirani akapiga hodi huku anacheka. Alikuwa amepanda kwenye uchaga wake kuchukua makopa, akamkuta Kaniki amejilaza na watoto wanne, macho yao bado hayajafumbuka. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na mimba ya siku za mwisho, anatafuta mahali pa kuzalia, na mkono wa mtoto ulimkuta katika tenga alilokuwa amelichagua. Tulimchukua na wanawe, tukamweka ndani. Siku ya kumi alikunywa maziwa mbele ya Bwana Mifugo bila wasiwasi wowote. Daktari alipopata habari hiyo alisema sindano ya siku ya kumi na nne haihitajiki. Mama hakusema kitu. Alikwenda jikoni, akakaa peke yake kwa muda.

Kabla sijarudi Masasi, Kaniki alichanjwa. Chanjo yenyewe ilikuwa sindano moja ya dakika moja. Gharama ya sindano za mtu mmoja aliyeumwa ingetosha kuwachanja paka na mbwa wengi wa mtaa ule.

PAKA WA KWETU NA PAKA WA NG'AMBO

Baadhi ya wasomaji wa mijini watasema, "Hayo ni ya paka wa kijijini. Mimi nina paka wa Kiajemi, haumi wala hatoki nje." Siku hizi katika miji yetu wako watu wanaofuga paka wa mbegu za ng'ambo, na ni vyema wajue kwamba kila mbegu ina udhaifu wake. Paka wa Kiajemi, mwenye manyoya marefu na uso bapa, hutokwa na machozi daima na hutaka kufutwa macho na kuchanwa kila siku. Tena mbegu hiyo ina ugonjwa wa kurithi wa figo, ambazo hujaa vifuko vya maji polepole. Paka wa Siamu huelekea kupata pumu. Paka mweupe, wa mbegu yoyote, ana mambo mawili: akiwa na macho ya buluu mara nyingi huzaliwa kiziwi, na katika jua letu kali ncha za masikio na pua yake hupata saratani ya ngozi. Ukiona kidonda kisichopona sikioni mwa paka mweupe, usingoje.

Wala tusidhani kuwa mbegu za sifa ni za ng'ambo tu. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wako paka wembamba wenye madoa kama gome la mti, nao Wagiriama huwaita khadzonzo, yaani mfano wa gome. Mwaka 1978 mwanamke mkazi wa Watamu aitwaye Jeni Slater aliwatunza watoto wa paka hao. Baadaye wachache walipelekwa Denmaki, na mwaka 1993 shirika la wafuga paka la Ulaya likawatambua kuwa mbegu kamili iitwayo Sokoke. Manyoya yao ni mafupi na mepesi, yanafaa joto la kwao, na Ulaya huwabidi wenye nao wawakinge na baridi. Basi paka wa kichakani pwani yetu amekuwa na kadi ya afya na daktari wake huko ugenini, na ndugu zake wa nyumbani hawajapata hata chanjo moja.

Kwa asili paka wote wa nyumbani ni wa ukoo mmoja, wametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, jamaa wa kimburu wa porini kwetu. Paka wa kienyeji ni mgumu, na magonjwa mengi ya kurithi ya mbegu za ng'ambo hana. Lakini ugumu wake haumkingi na kichaa cha mbwa, wala na sumu, wala na minyoo.

KINGA YA NYUMBANI

Kwa faida ya mwenye paka mmoja au wawili, nayaandika hapa niliyofundishwa na ninayoyafuata.

Kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka huchanjwa akitimiza miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka kama ofisa mifugo atakavyoagiza. Kampeni ikipita mtaani, mpeleke paka katika kikapu chenye kifuniko au mfuko wa kitambaa usiombana pumzi. Ukimbeba mikononi penye mbwa, atakuparura na kukimbia.

Pili, homa ya paka. Huu ni ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa paka mmoja baada ya mwingine: hutapika, huharisha, huinamia bakuli la maji bila kunywa. Virusi vyake huweza kuishi sakafuni hata mwaka mzima, na ndiyo sababu nyumba nyingine kila mtoto wa paka aletwaye hufa. Chanjo yake huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na hurudiwa mpaka wiki ya 16. Hii aghalabu hupatikana kwa madaktari wa wanyama wa miji mikubwa. Anayeleta paka mpya kutoka huko aichanje kabla ya safari.

Tatu, minyoo na viroboto. Watoto wa paka hupata minyoo kutoka katika maziwa ya mama yao. Wapewe dawa kila wiki mbili mpaka wafikishe miezi mitatu, kisha kila miezi mitatu. Ukiona vitu kama punje za mchele chini ya mkia, hiyo ni tegu, nayo huletwa na viroboto. Basi fua na kuanika matandiko juani pamoja na kumpa dawa. Uchafu mweusi masikioni, kama machicha ya kahawa, ni utitiri.

Nne, kinyesi. Kimelea kimoja cha kinyesi cha paka chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito hana haja ya kumfukuza paka. Mtu mwingine azoe kinyesi kila siku, kwa kuwa kimelea hicho huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mwenyewe anawe mikono, aoshe mboga, na ale nyama iliyoiva vizuri.

Tano, uzazi. Kuhasi dume na kufunga uzazi wa jike hupunguza mapigano, majipu na watoto wa kutupwa jalalani. Na mtoto afundishwe kutomgusa paka anayekula, anayenyonyesha, au aliyejificha.

Mwaka 1973 mama yangu alikuwa bibi harusi mpya, naye alihudhuria darasa la redio la kampeni ya Mtu ni Afya. Mpaka leo anakumbuka jinsi walivyokaa katika duara, redio katikati, kisha wakatoka wote kwenda kuchimba vyoo. Jioni moja baada ya mkasa ule alinikumbusha habari hizo, kisha akasema, "Kama wangeuita kichaa cha paka, mwanangu, mimi ningekuwa wa kwanza pale chini ya mwembe."

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi siku hizo wanyama huchanjwa mahali pengi. Mmoja wa watoto wa Kaniki nilishuka naye Masasi. Kadi yake ya chanjo niliitundika ukutani, pembeni ya kadi za kliniki za watoto. Wageni walicheka, nami niliwaacha wacheke, kisha nikawauliza: wewe nawe, paka wako amechanjwa?